Kilo mia saba za karafuu: hesabu ya shahada yangu ya fedha

Nilimaliza shahada ya benki na fedha mwaka 2018, na deni la milioni 9 na laki 8 likinisubiri kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Baba yangu ni mtu wa Wete, Pemba, na hesabu zake zote hupigwa kwa karafuu. Nilipomtajia kiwango hicho aliuliza jambo moja tu: "Hizo ni kilo ngapi?" Wakati ule ZSTC, shirika la serikali la Zanzibar linalonunua karafuu, ilikuwa ikinunua daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kilo. Nikagawa. Kilo mia saba, kavu, zilizokwisha kutolewa makonyo. Akasema shamba letu halijapata kutoa kiasi hicho kwa msimu mmoja tangu alirithi kwa babu.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, napigiwa simu na watoto wa jamaa na majirani. Fedha inalipa? Mkopo nichukue? Wengi wanataka jibu la ndiyo au hapana, na mimi sina. Nilicho nacho ni hesabu ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuipiga, na niliijua baada ya mshahara wa kwanza kukatwa.

Nianze na mwaka 2015. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, na katika ukoo wetu hakukuwa na mtoto wa kike aliyekwenda chuo Bara. Kozi ya fedha niliichagua kwa sababu ambayo vijana wengi wa Pemba wataielewa: mtu wa benki ndiye mtu pekee mwenye mshahara tuliyekuwa tukimuona kwa karibu ambaye si mwalimu wala muuguzi. Amevaa vizuri, amekaa kwenye kiyoyozi, na akija msibani watu humpisha. Mshahara wake hakuna aliyeujua. Tuliukisia, na tukaukisia juu.

Fomu ya mkopo tuliijaza kwenye duka la kompyuta pale mjini Wete, tukachapisha makaratasi, tukampelekea sheha asaini, tukenda mahakamani kugonga muhuri. Mdhamini akawa ami yangu. Siku hizi kuna hatua nyengine: cheti cha kuzaliwa cha Mzanzibari kinathibitishwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa Zanzibar, kama cha mtu wa Bara kinavyothibitishwa na wakala wa kule, RITA, na namwambia kila mtu alifanye hilo mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Watu hawakosi mkopo kwa umasikini usiotosha tu. Wanaukosa pia kwa jina la baba lililoandikwa kwa "h" kwenye cheti kimoja na bila "h" kwenye chengine. Kwetu Abdalla na Abdallah ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ni watu wawili.

Baba alikuwa na wasiwasi wake. Enzi hizo mkopo ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama hiyo si riba. Sheikh wa msikiti wetu alisema mambo ya dharura yana hukumu yake. Sheikh mwengine, wa Chake, akasema elimu ya chuo si dharura. Usiku ule nyumba haikulala. Mwisho mama ndiye aliyekata shauri: aende, na Mwenyezi Mungu anajua nia. Silitaji hili kwa ajili ya kutoa fatwa. Nalitaja kwa sababu najua nyumba ambazo mtoto alikwenda chuo bila mkopo kwa hofu hiyo, shamba likauzwa, na leo tozo yenyewe haipo tena. Ilifutwa mwaka 2021, ikatangazwa na Rais Samia siku ya Mei Mosi, na kuanzia Julai mwaka huo haikutozwa, pamoja na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Kilichobaki ni asilimia 1 ya mkopo, kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Kwa hivyo mzazi anayeogopa leo asiogope kwa habari za mwaka 2015. Aombe karatasi ya masharti ya mwaka huu, aende nayo kwa sheikh wake.

Kozi za biashara hazikuwa kwenye vipaumbele vya Bodi, kwa hivyo sehemu ya ada walilipa wao na sehemu tukalipa sisi. Karafuu za vuli ya mwaka ule zilisaidia. Nikavuka maji hadi Dar es Salaam, nikaanza pale IFM, chuo cha usimamizi wa fedha, na nikakaa kwa shangazi yangu Magomeni.

Kukaa kwa shangazi ndiko kulikoniokoa, na sikulijua hilo hadi nilipoipata taarifa ya deni na kuisoma mstari kwa mstari. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Piga kwa siku za masomo za mwaka mzima, kisha kwa miaka mitatu, unapata karibu milioni 6. Yaani zaidi ya nusu ya deni langu la "elimu" ni wali, maharage, nauli na pa kulala. Ada ilikuwa sehemu ndogo. Watu hukesha wakilinganisha ada za chuo hiki na kile, tofauti ya laki mbili, ilhali pa kulala na pa kula ndipo penye mamilioni. Kwa shangazi sikulipa kodi; nilichangia mkaa na mchele. Katika bumu langu niliweka akiba kidogo kidogo, nyengine nikaituma nyumbani tukaezeka bati upande wa jikoni. Wenzangu wa hosteli wakinicheka kwamba naishi kama niko madrasa. Akiba hiyo ndiyo iliyonilisha baadaye, maana ilikuja njaa ambayo hakuna aliyenitajia.

Kabla ya njaa, jambo moja la mkataba. Tulisaini tukijua makato ni asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, makato yakawa asilimia 15, na ikatuhusu sote, wa zamani na wapya. Wazee wengine walilalamika kwamba mkataba haubadilishwi katikati ya safari. Ulibadilishwa. Na 2021, kama nilivyosema, masharti yakabadilika tena, safari hii kwa kheri. Kwa hivyo ukipiga hesabu ya mkopo, piga na nafasi ya kupumulia, kwa sababu kiwango unachokisoma leo si lazima kiwe ndicho utakachokatwa miaka sita mbele.

Nilirudi Unguja mwishoni mwa 2018. Benki zetu zinahesabika, matawi yake yamejazana mjini, na kila nafasi ya karani ina mafaili ya watu kutoka SUZA, chuo kikuu cha serikali ya Zanzibar, kutoka Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na sisi tuliotoka Bara. Nilijitolea kwenye SACCOS, nikauza laini za simu, nikakaa kwenye kibanda cha wakala wa Ezypesa, fedha za kwenye simu, cha mjomba wangu pale Darajani. Shahada ya benki na fedha, nahesabu noti za elfu mbili mbili. Huku asilimia 6 ya milioni 9 na laki 8 ni kama laki 6 kwa mwaka, na inaongezeka, nimelala au nimeamka. Mwaka 2020 nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya karani wa hesabu katika hoteli moja. Machi ndege zikasita kuja kwa korona, hoteli zikafunga, na ile ahadi ikaenda na maji.

Kipindi hicho ndicho kigumu kuliko chochote, na si kwa njaa tu. Mtu aliyesoma akikaa nyumbani, mtaa mzima humtazama. Mama alianza kuwaambia watu kwamba "anasubiri barua". Mwaka mzima nasubiri barua. Posa zilikuja, na mmoja katika waliokuja aliuliza waziwazi kama deni la Bodi lingemfuata yeye. Nilimjibu kwamba deni ni langu, halihami kwa nikaha. Hakurudi. Alhamdulillahi.

Mapema 2021 nikapata kazi: karani wa hesabu, hoteli ya pwani ya Kiwengwa, laki nne na nusu kwa mwezi. Nilisujudu. Kisha ikaja karatasi ya mshahara baada ya Bodi kujulishwa. Bodi asilimia 15: 67,500. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, elfu thelathini na moja na kitu. Kodi ya mapato kama elfu kumi na mbili. Iliyobaki haikufika laki tatu na arubaini. Chumba Mwanakwerekwe elfu sabini. Ya kutuma Pemba elfu hamsini, na kwa mtoto wa kwanza aliyesoma hiyo si hiari. Kwa 67,500 kwa mwezi, ile milioni 9 na laki 8 peke yake, bila tozo iliyokwisha kupanda juu yake, ingechukua miaka kumi na mbili.

Binamu yangu, mtoto wa ami yule yule aliyenidhamini, alikuwa mapokezi katika hoteli ya jirani. Alimaliza kidato cha nne, akasoma cheti cha hoteli, na kwa sababu Kiwengwa imejaa Wataliana akajifunza Kitaliana kwa kuzungumza nao. Mshahara wake wa msingi ulikuwa laki tatu na themanini. Juu yake kuna mgao wa sevisi chaji na bakshishi za wageni, nyengine kwa dola. Hakatwi na Bodi yoyote. Mwezi wa Agosti, hoteli ikijaa, alikuwa akinizidi kwa mbali, na yeye ndiye aliyekuwa akininunulia chipsi.

Jioni moja tulikaa kwenye basi la wafanyakazi kurudi mjini, nikaanza kuandika nyuma ya risiti. Kama nisingesoma chuo, ningekuwa keshia wa hoteli au wa supamaketi kwa laki tatu hivi. Nimesoma, nalipwa laki nne na nusu. Tofauti ni laki na nusu. Katika tofauti hiyo Bodi inachukua 67,500. Kwa hivyo shahada yangu, mwaka ule, ilikuwa inanilipa shilingi 82,500 kwa mwezi. Basi. Siyo laki nne na nusu, kama nilivyokuwa nikijiambia, wala siyo ule mshahara wa benki tuliokuwa tukiukisia Wete. Deni la masomo linalipwa na ile tofauti, kati ya unachopata kwa shahada na ambacho ungekipata bila ya hiyo shahada. Tofauti ikiwa nyembamba, hata mkopo mdogo ni mzito. Ikiwa nene, hata mkubwa unabebeka.

Kisha nikapindua risiti. Tangu nilipomaliza skuli mwaka 2015 hadi kupata kazi 2021 ni zaidi ya miaka mitano. Kama miaka hiyo ningekuwa kazini, hata kwa laki mbili na nusu, ingekuwa milioni 15. Milioni 15 ambazo haziko kwenye taarifa yoyote ya Bodi, na ni kubwa kuliko deni lenyewe. Kati ya hizo, karibu nusu ni za kusubiri kazi, siyo za kusoma. Ndiyo maana mtoto akinipigia simu kuuliza kuhusu chuo, siku hizi simuulizi ada. Namuuliza: waliomaliza kozi hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita, wako wapi sasa? Siyo waliomaliza miaka kumi na tano nyuma na leo ni mameneja. Watafute wa juzi, watano sita, uwaulize walisubiri muda gani na mshahara wa kwanza ulikuwa kiasi gani mkononi. Watu wetu wana haya kutaja mshahara, lakini ukimuuliza mtu "nilipwe ngapi nikianza kazi kama yako?" anajibu bila kujisikia kavuliwa nguo.

Uliza pia mshahara wa msingi ni kiasi gani katika malipo yote. Asilimia 15 inakatwa kwenye msingi. Hoteli nyingi hulipa msingi mdogo na marupurupu, na kwa mwenye deni hilo lina pande mbili: mkononi unabaki na kingi, lakini deni linakwenda polepole, na michango yako ya ZSSF inaweza kuwa midogo pia.

Lililobadilisha tofauti yangu ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Hapa ndipo nilipojua kwamba waajiri wengi wa Unguja, wakiandika "fedha" kwenye tangazo, mtu wanayemtaka ni mhasibu. Wanataka anayefunga vitabu, anayejua kodi, anayeweza kukaa na mkaguzi. Shahada ya benki na fedha inakufundisha masoko ya hisa na usimamizi wa hatari za mikopo, mambo mazuri, lakini pwani ya mashariki hakuna soko la hisa. Na katika ngazi za NBAA, mwenye shahada ya uhasibu huanzia juu kuliko aliyesoma kitu chengine. Tofauti hiyo ya jina la shahada, ambayo mwaka 2015 tuliiona kama mapambo, ilinigharimu ngazi nzima ya mitihani, ada zake, na usiku wake. Mitihani mikuu ni Mei na Novemba. Nilisoma kwenye basi, nikasoma Ramadhani baada ya tarawehe, karatasi nyengine nikarudia. Sambamba na hayo nikajifunza Excel vizuri hasa, maana chuoni tuliipita juu juu.

Mwaka 2023 nikahamia taasisi nyengine ya mjini, kwa laki tisa na nusu. Bodi sasa inakata 142,500. Ukiiangalia peke yake inauma zaidi ya ile ya mwanzo, lakini tofauti ni laki sita na nusu, na baada ya makato ya Bodi nabaki na zaidi ya laki tano ambazo bila chuo nisingezipata. Kwa mwendo huu deni litakwisha katikati ya 2028. Binamu yangu naye amepanda, sasa ni msimamizi wa mapokezi, na bado Agosti ananikaribia. Sioni kama alikosea. Yeye alianza kujenga mapema, mimi nimeanza kuweka matofali mwaka jana.

Kuhama kazi kulifichua jambo jengine, na hili nalisema kwa sauti kubwa. Nilipoomba taarifa ya deni nikakuta miezi kadhaa ambayo mshahara wangu ulikatwa lakini Bodi haikupokea kitu. Mwajiri wa wakati ule alikata akakaa nayo. Nilikuwa nimezihifadhi karatasi zote za mishahara kwenye faili, na ndizo zilizonitetea. Bila hizo ningelipa mara mbili. Kisheria mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 baada ya kumuajiri mhitimu, na makato yaende kila mwezi. Wewe usingoje sheria ikufanyie kazi. Omba taarifa ya deni angalau kila mwaka, linganisha na karatasi zako, na ukiwa na fedha ya ziada unaweza kulipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoanzia 99. Mimi nafanya hivyo nikipata kazi za kufunga hesabu za maduka mwisho wa mwaka.

Kwa waliokopa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, msiyachukue makato yangu mkayafanya yenu. Ni bodi mbili, sheria mbili. Anayesoma kwa mkopo wa Zanzibar asome mkataba wa Zanzibar, na asiombe kote kote akidhani zitamiminika mbili.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Alisema anataka fedha, na mimi sikumkataza. Tulikaa siku nzima na daftari, tukaandika gharama za Dar na za Unguja, tukawapigia simu wahitimu wa karibuni, wasichana kwa wavulana, maana mshahara wa hoteli ya mbali una maana nyengine kwa msichana ambaye hawezi kurudi saa tano usiku. Tuliona kwamba kwa yeye kukaa kwangu Mwanakwerekwe, lile fungu la chakula na malazi linakuwa dogo mno. Akabadilisha mwenyewe kutoka fedha kwenda uhasibu, katika Skuli ya Biashara ya SUZA kule Chwaka. Baba alitaka kujua tena ni kilo ngapi. Bei imebadilika, tukampigia upya, akasema hizo anaziweza nusu yake msimu ukiwa mzuri. Fomu ya mkopo ameijaza Bodi ya Zanzibar, jina la baba limeandikwa sawa kwenye vyeti vyote, na majina bado hayajatoka.